Gari Kuukuu Linalogonga Miguu ya Mbele: Kutafuta Chanzo na Kubadilisha Vipuri Nyumbani

Gari lenye umri wa miaka ishirini na zaidi, lililofika Unguja au Pemba likiwa tayari limetumika Japani, hufikia wakati likaanza kugonga miguu ya mbele. Mwenye gari husikia mgongano chini ya sakafu kila anapopita kwenye tuta, na jambo la mwanzo analoambiwa na wengi ni kwamba shokapu zimekufa. Mara nyingi shokapu hazina kosa. Sauti husafiri ndani ya bodi ya gari ikasikika mbali na mahali ilipoanzia, na kwa hiyo mwongozo huu unashikilia sharti moja: kipuri kisinunuliwe mpaka chenyewe kimeonekana kikicheza, ama kwa mkono, ama kwa mtaimbo, ama kwa macho. Sharti hilo lina uzito zaidi kwa tulio Pemba, kwa sababu kipuri kisichopatikana Chake Chake wala Wete huagizwa Unguja au Kariakoo, Dar es Salaam, kisha kikavuka bahari. Aliyeagiza shokapu mbili ilhali kilichochakaa ni linki ya bei ndogo atakuwa amelipia kipuri, nauli ya mzigo na siku za kungoja, na gari bado linagonga.

Maelezo yanahusu zaidi magari madogo yanayovutwa na magurudumu ya mbele, mfano wa Toyota Corolla na Carina za miaka ya 1990. Mguu wa mbele wa magari hayo una shokapu iliyosimama ndani ya springi, mkono mmoja wa chini, yaani chuma kinachounganisha gurudumu na fremu, na hauna mkono wa juu. Ni muundo unaoitwa kwa jina la mhandisi wa Marekani, Earle MacPherson. Wenye pikapu na magari yenye mikono miwili, wa juu na wa chini, watafaidika na sehemu kubwa ya haya, isipokuwa katika kupima boljointi, yaani kifundo cha mviringo kinachounganisha mkono na chuma kinachobeba gurudumu, ambako kuna tofauti nitakayoieleza.

Kabla ya kuingia chini ya gari

Jeki ni chombo cha kunyanyulia, si chombo cha kushikilia gari wakati mtu yumo chini yake. Gari linyanyuliwe kwa jeki, kisha likalishwe juu ya stendi za chuma mbili, zikiwekwa mahali pagumu pa bodi palipotengwa kwa kazi hiyo, na magurudumu ya nyuma yazuiwe kwa mawe au vipande vya mbao mbele na nyuma. Nyua nyingi za kwetu ni za mchanga au udongo, na stendi huzama upande mmoja pole pole bila mtu kuona. Kwa hiyo iwekwe juu ya ubao mnene na mpana. Matofali ya saruji na mawe ya matumbawe yasitumike kamwe badala ya stendi. Tofali linaweza kubeba uzito huo saa nzima likionekana zima, kisha likapasuka kwa pigo moja la nyundo linalopigwa juu yake, na katika kazi hii nyundo lazima itapigwa. Asiye na stendi aazime, na asiyepata wa kumuazima apeleke gari kwa fundi.

Msaidizi mmoja wa kukaa kwenye usukani anahitajika karibu katika kila kipimo, na asiguse kitu chochote ila kwa kuambiwa.

Mgongano mwepesi kwenye mashimo madogo

Dalili iliyo ya kawaida kuliko zote ni sauti ya kugongagonga kwa haraka gari linapopita taratibu kwenye njia ya kifusi yenye mawe madogo, sauti ambayo hupungua au kupotea kwenye lami laini, na hata kwenye tuta kubwa ambalo magurudumu yote mawili hulipanda pamoja. Anayeisikia hivyo aanze na linki za stebilaiza, yaani vile vijiti vyenye kifundo kila upande vinavyounganisha nondo ya stebilaiza na shokapu au mkono wa chini. Kazi ya nondo hiyo ni kuzuia gari lisilale upande mmoja kwenye kona. Tuta linaponyanyua magurudumu yote mawili sawasawa, nondo haipindwi, na linki hazina cha kugonga.

Kipimo chake kina sharti ambalo hata baadhi ya mafundi hulisahau: magurudumu yote mawili ya mbele yawe chini, au yote mawili yawe juu. Likinyanyuliwa moja tu, nondo hujipinda na kuikaza linki, na linki iliyochakaa itaonekana nzima. Gurudumu likiwa chini, pindisha usukani kabisa upande mmoja ili upate nafasi, shika linki kwa mkono uitikise kwa nguvu. Ikitoa mlio wa kugonga, hata mdogo, imekwisha. Buti, yaani kifuniko cha mpira cha kifundo, iliyopasuka nayo ni hukumu iliyokaribia, kwa sababu vumbi la kiangazi na tope la masika vikishaingia ndani ya grisi, kifundo hujisaga chenyewe. Zikiwa linki ni nzima, tazama bushi mbili za mpira zinazoshikilia nondo kwenye fremu. Zikilegea hutoa sauti nzito kidogo kuliko ya linki.

Pigo moja wakati wa kufunga breki au kuondoka

Sauti inayokuja mara moja tu, nzito, dereva anapokanyaga breki, na ikarudi tena anapoondoka, huelekeza kwenye bushi za mkono wa chini, hasa ile ya nyuma. Bushi hiyo ndiyo inayozuia gurudumu lisirudi nyuma likifungwa breki. Mpira wake ukipasuka, mkono mzima husogea, gurudumu likabadilisha mwelekeo, na dereva akahisi gari linavuta upande mmoja huku usukani umenyooka. Barabara za Pemba, zenye kupanda na kushuka vilima tangu Mkoani hadi Konde, huidhihirisha dalili hii mapema kuliko barabara za tambarare, na gari linalobeba magunia ya karafuu au abiria kupita kiasi huzimaliza bushi kwa kasi zaidi.

Kipimo cha kwanza hufanywa gari likiwa chini. Msaidizi aliendeshe mbele na nyuma hatua moja moja, kwa mwendo wa kutambaa, akifunga breki kila mara, nawe usimame kando, mbali na njia ya gari, ukitazama nafasi iliyopo kati ya tairi na ukingo wa bodi. Gurudumu likionekana kwenda mbele au kurudi nyuma ndani ya nafasi hiyo, bushi zimechoka. Kipimo cha pili ni cha mtaimbo: gari likiwa juu ya stendi, ingiza ncha ya mtaimbo kati ya mkono na fremu, sukuma bila kutumia nguvu ya kuvunja, na utazame mpira. Bushi nzima hujinyumbua ikarudi. Iliyokufa huachana na chuma, na mara nyingine ufa huonekana waziwazi pindi tope likishafutwa. Mikwaruzo midogo ya juu juu kwenye mpira wa zamani si ushahidi wa kutosha.

Usukani unaocheza, na gari linalotangatanga njiani

Hapa ndipo penye hatari, na hapa pasikimbiliwe. Nyanyua gurudumu, likamate kwa mikono miwili kulia na kushoto, ulisukume na kulivuta. Mchezo unaopatikana hivyo hutoka kwenye tairodi endi, yaani kifundo cha nje cha fimbo ya usukani inayogeuza gurudumu, au kwenye rak endi, kifundo cha ndani cha fimbo hiyo, kilichofichwa ndani ya buti ndefu ya usukani. Ili kuvitofautisha, msaidizi aendelee kulitikisa gurudumu nawe uweke vidole juu ya kifundo cha tairodi endi: kama kinacheza, utahisi pigo chini ya vidole. Kisha minya buti ya usukani kwa mkono uihisi rak endi kwa ndani.

Sasa likamate gurudumu juu na chini, ulitikise. Mchezo wa namna hii ni ama wa boljointi ama wa beringi ya gurudumu. Msaidizi akanyage breki na kuishikilia, nawe utikise tena. Mchezo ukipotea, ni beringi, kwa sababu breki imeifunga diski na habu, yaani kitovu kinachofungwa gurudumu, pamoja na chuma kinachoibeba. Ukibaki vilevile, ni boljointi. Kuthibitisha, weka mtaimbo kati ya mkono wa chini na chuma kinachobeba habu, unyanyue, utazame kama kifundo kinapanda na kushuka. Katika gari lenye shokapu ndani ya springi, uzito wa gari hupita kwenye shokapu na si kwenye boljointi ya chini, kwa hiyo inatosha gurudumu kuning'inia. Katika pikapu ambayo springi yake, au nondo inayofanya kazi ya springi, imeshikamana na mkono wa chini, jeki lazima iwekwe chini ya mkono wenyewe, karibu na gurudumu. Vinginevyo springi itaikaza boljointi na kipimo kitadanganya.

Boljointi inayocheza haingojei mwisho wa mwezi. Ikichomoka, gurudumu hulala chini ya bodi na gari haliongozeki tena, wala hapana onyo la pili. Gari la namna hiyo lisiendeshwe hata kwenda gereji. Litengenezwe lilipo au livutwe huku gurudumu lenyewe likiwa limenyanyuliwa.

Kudundadunda, na mlio wakati wa kukata kona

Shokapu hushukiwa gari linapoendelea kudunda baada ya kupita tuta, au pua inapozama sana wakati wa kufunga breki. Kipimo cha kuibonyeza pembe ya gari kwa mikono kinasaidia pale tu shokapu inapokuwa imekufa kabisa, kwani iliyochoka nusu inaweza kukifaulu. Ushahidi bora ni mafuta: shokapu iliyolowa mafuta na kushika vumbi hadi katikati ya mwili wake imevuja. Pitisha kiganja juu ya tairi pia. Mabonde na vilima vinavyofuatana kuzunguka tairi hutokana mara nyingi na shokapu inayoliacha gurudumu lirukeruke. Tairi iliyoliwa ukingo mmoja tu ni kesi nyingine, ya mwelekeo wa magurudumu, springi iliyolala au mkono uliopinda.

Mlio wa kukoroma, au wa springi kukwama kisha kuruka, unaosikika usukani ukizungushwa gari limesimama, hutoka kwenye maunti ya juu ya shokapu, yaani kishikizo kinachoifunga kwenye bodi, penye beringi ndogo inayoiwezesha shokapu kuzunguka. Weka kiganja juu ya springi, vidole visiingie kati ya mizunguko yake, msaidizi azungushe usukani taratibu. Springi inayozunguka kwa kurukaruka badala ya kuteleza inaonesha beringi imekwama, na kwenye hewa ya chumvi kama yetu jambo hilo halichukui muda mrefu.

Yasiyohusiana na miguu

Kuna sauti zinazofanana na hizi na zinazomaliza pesa za watu bure. Tak tak tak inayofuata mwendo wa magurudumu kwenye kona kali ni ya sivijointi, kifundo cha draivu shafti inayozungusha gurudumu. Mvumo unaozidi kadiri mwendo unavyozidi, ukabadilika gari likilemea upande mmoja, ni wa beringi. Mgongano unaopotea mara tu ukigusa breki kidogo ni wa pedi au kalipa (chuma kinachobana pedi kwenye diski) iliyolegea. Mtikisiko wa usukani kwenye mwendo wa 80 kwa saa kwenye lami nzuri ni wa balansi ya matairi, na pigo linalosikika wakati wa kuingiza gia gari likiwa limesimama ni la maunti za injini. Vyote hivi viondolewe kwanza kwenye orodha ya washukiwa.

Kununua

Nenda dukani na kipuri cha zamani mkononi kama gari linaweza kusimama siku hiyo, au angalau na namba ya chesisi, maana gari la jina moja na mwaka mmoja laweza kuwa na boljointi za aina mbili. Kulia na kushoto huhesabiwa kwa aliyekaa kwenye kiti cha dereva akitazama mbele. Shokapu zibadilishwe mbili kwa pamoja, ili upande mmoja usiwe mgumu kuliko wa pili. Tairodi endi na boljointi zinaweza kubadilishwa moja, mradi ya pili imepimwa. Kwa bushi, ninashauri kununua mkono mzima wenye bushi mpya endapo bei si mbaya, kwa sababu bushi huingizwa kwa mashine ya kubana, na anayezipiga kwa nyundo huziharibu kabla hazijafanya kazi. Vipuri vilivyotumika havifai kwa boljointi na tairodi endi hata vikionekana vizuri: umri wa mpira na grisi hauonekani kwa nje.

Kufungua palipoliwa na kutu

Sehemu ngumu ya kazi hii visiwani ni kufungua. Siku moja kabla, safisha kila nati kwa brashi ya waya na uinyunyizie mafuta ya kulegeza kutu, urudie jioni. Siku ya kazi, kabla ya kufungua, kaza kidogo sana kwanza. Kutu hupasuka kwa urahisi zaidi ikisogezwa pande zote mbili. Tumia boksi yenye pembe sita inayokaa sawasawa, kwani spana iliyolegea hulainisha kichwa cha bolti, na hapo kazi ya saa moja huwa ya siku nzima. Bolti ya bushi iliyoshikana na bomba lake la ndani huenda ikalazimu kukatwa kwa msumeno wa chuma, na kwa kuwa mkono mpya unakuja, hakuna hasara isipokuwa bolti, ambayo ni vyema kuwa nayo mpya mapema. Moto usitumiwe karibu na mpira, mabomba ya breki wala tangi la mafuta.

Linki ya stebilaiza ndiyo nyepesi: ndani ya kifundo chake huwa na tundu la kuingizia spana ndogo ya pembe sita ili kisizunguke wakati nati inafunguliwa.

Kwa tairodi endi, tia alama ya rangi mahali kontanati, yaani nati inayoifungia isizunguke, ilipo kabla ya kuilegeza. Toa kotapini, ule msumari mwembamba unaoizuia nati isifunguke, legeza nati ya kifundo lakini iache imeshika nyuzi chache, kisha gonga kwa nyundo ubavu wa tundu la chuma kilichoshika kifundo, huku nyundo ya pili nzito imeegemezwa upande wa pili. Mapigo machache ya nguvu hukiachia kifundo bila kuziharibu nyuzi. Uma wa kutenganishia hufanya kazi pia, lakini huchana buti, kwa hiyo utumike tu kwa kipuri kinachotupwa. Wakati wa kuichomoa tairodi endi, hesabu mizunguko. Mpya iingie kwa idadi ileile, ili gari liweze kuendeshwa hadi kwenye alaimenti, yaani kupimwa na kurekebishwa mwelekeo wa magurudumu, bila kula tairi.

Boljointi ya chini kwenye Corolla za enzi hizo imefungwa kwenye mkono kwa bolti moja na nati mbili. Ikishaachiwa, chuma kinachobeba habu husogea kwa uhuru, na hapo kuna mambo mawili ya kuchunga: kisivutwe nje mno, kwa sababu draivu shafti itachomoka kwenye kifundo chake cha ndani, na kalipa isining'inie kwa bomba lake la breki bali ifungwe kwa waya kwenye springi.

Kuhusu shokapu, ninaomba nisikilizwe. Mguu mzima waweza kushushwa nyumbani, baada ya kutia alama kwenye bolti mbili za chini na kufungua nati ndogo za juu ambazo ziko pembezoni mwa maunti. Nati kubwa ya katikati isiguswe. Hiyo ndiyo inayoizuia springi iliyobanwa, na ikifunguliwa springi ikiwa haijafungwa kwa kibanio madhubuti, itaruka kwa nguvu ya kuua. Chukua mguu mzima kwa fundi mwenye kibanio kizuri, akubadilishie shokapu na maunti mezani, kisha urudi nao.

Kukaza

Bushi ya mkono ni mpira uliogandishwa kati ya mabomba mawili ya chuma. Bolti ikikazwa, bomba la ndani hushikwa lisizunguke, na mkono hupanda na kushuka kwa kujipinda kwa mpira. Mwenye kuikaza bolti hiyo wakati mkono unaning'inia huufunga mpira katika hali ambayo, gari likishushwa, utabaki umesokotwa usiku na mchana. Bushi mpya zinazopasuka baada ya miezi michache, na ambazo muuzaji hulaumiwa kwa ubovu wake, mara nyingi zilikazwa hivyo. Kwa hiyo bolti za bushi ziingizwe na kukazwa kwa vidole tu, mengine yote yafungwe, kisha jeki iwekwe chini ya mkono karibu na boljointi na kunyanyuliwa mpaka gari liwe karibu kuachana na stendi, na hapo ndipo zikazwe kikamilifu. Kabla ya kuziingiza, zipakwe grisi sehemu isiyo na nyuzi, ili zikubali kutoka tena siku nyingine.

Nati yenye meno ikikazwa na tundu la kotapini likawa halijaonekana, iongezwe mkazo mpaka lionekane, isirudishwe nyuma. Kotapini iwe mpya. Kifundo kikizunguka pamoja na nati, kisukume kwa jeki kutoka chini ili kibane kwenye tundu lake. Mkazo wa kila bolti ufuate kitabu cha gari husika. Nati za magurudumu za Corolla hizo, za spana 21, hukazwa kwa nyutoni mita 103, na zirudiwe baada ya kilomita 100 hivi.

Baada ya tairodi endi, mkono au shokapu kubadilishwa, alaimenti ni lazima. Irudiwe hata kama usukani unaonekana umenyooka, kwa maana tofauti ya milimita chache huila tairi mpya bila ya dereva kuhisi chochote.

Likiendelea kugonga

Gari lililotengenezwa likaendelea kutoa sauti likaguliwe kwanza pale mkono wako ulipopita. Nati ya linki isiyokazwa hadi mwisho hutoa sauti ileile ya linki iliyochakaa. Fungua boneti, weka kiganja juu ya maunti huku msaidizi akilitikisa gari. Pigo likihisika hapo, nati ya katikati ilifungwa legelege mezani na mguu urudishwe kwa fundi. Tazama kama springi imekaa kwenye kituo chake cha chini, kwa sababu ncha yake ikipanda juu ya ukingo hutoa mlio kila usukani unapozungushwa. Vyote vikiwa sawa, rudia kipimo cha mtaimbo upande ambao hukuugusa, kwani bushi ya kushoto ikiwa mpya, ile kuukuu ya kulia iliyokuwa ikifunikwa na kelele ya mwenzake huanza kusikika.